Kisiwa Kisicho na Bahari: Mji wa Olney na Washairi Wake Wawili

Jina la mji wa Olney lina kisiwa ndani yake. Katika hati ya mwaka 979 limeandikwa Ollanege, na wajuzi wa Kiingereza cha kale hulifasiri kuwa ni kisiwa cha Olla, mtu asiyejulikana leo ila kwa jina hilo. Lakini atakayekitafuta kisiwa hiki katika ramani ya bahari hatakiona. Olney umo katikati ya nchi, kaskazini ya Buckinghamshire, kiasi cha kilomita 80 kutoka London, na bahari iliyo karibu nao i mbali kiasi cha kilomita 100. Waingereza wa kale walikiita kisiwa hata kipande cha ardhi kavu kilichozungukwa na vinamasi vya mto, na kipande cha namna hiyo ndicho kilichokaliwa hapa, kikapata kanisa, daraja na gulio. Leo una watu wapatao 6,500, nao umo chini ya halmashauri ya Milton Keynes, mji mkubwa ulioanza kupangwa mwaka 1967, wakati Olney ulikuwa na umri wa karne nyingi.

Mji mdogo kama huu usingekuwa na haja ya kuelezwa kwa wasomaji wa mbali, lau si mashairi. Katika karne ya 18 waliishi hapa kwa wakati mmoja watu wawili walioandika beti ambazo zingali zikisomwa na kuimbwa: John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, na William Cowper, mtu mpole aliyeiogopa dunia. Bahari ambayo haikuufikia Olney kwa maji yake iliufikia kwa njia ya kalamu. Namna ilivyoufika, na muda iliyochukua kabla ya kutajwa kwa jina lake, ni habari inayomhusu kila apendaye mashairi.

Kwanza mji wenyewe. Mto Great Ouse huanzia katika nchi ya vilima vya Northamptonshire, hupita Buckingham na Newport Pagnell, hufika Olney, kisha hujipinda kuelekea Bedford, Huntingdon na Ely, na mwisho humwagika katika ghuba iitwayo the Wash, karibu na King's Lynn. Safari hiyo ni ya kilomita 230 hivi, na mto haina haraka nayo. Penye Olney hujikunja katika malisho ya tambarare, na majira ya baridi hufurika ukayafunika, hata ardhi ya kusini ya mji ikawa kama ziwa. Ndiyo maana daraja la zamani lilikuwa refu, lenye matao mengi, kwani lilipaswa kuvuka mto pamoja na mafuriko yake. Cowper alilitia daraja hilo katika utungo wake mrefu, akieleza jinsi tarishi wa barua alivyolivuka wakati wa baridi, akipiga baragumu, na habari za dunia nzima zikiwa katika mkoba mgongoni mwa farasi.

Karibu na mto limesimama kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo, jengo la karne ya 14, lenye mnara uliochongoka hadi urefu wa mita 56. Mnara huo huonekana kutoka mbali kabla nyumba za mji hazijaonekana, kama mlingoti wa jahazi unavyotangulia kuonekana kabla ya tanga lake. Kutoka upande wa mto barabara kuu inapanda kuelekea kaskazini. Hupanuka penye uwanja wa gulio, kisha huendelea, pana na iliyonyooka, baina ya safu mbili za nyumba. Nyingi ya nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya chokaa ya nchi hiyo, yenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na manjano. Mtu aliyezaliwa katika mji wa mawe wa pwani hatayaona kuwa mageni. Kama matumbawe yalivyo kazi ya viumbe vya baharini, mawe haya nayo yalifanyika chini ya bahari ya kale, yenye vuguvugu na kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Ndani yake huonekana vipande vya kombe. Basi bahari iliwahi kuwapo Olney kabla ya mtu.

Mji wa gulio katika Uingereza haukuwa neno la kawaida tu, bali ulikuwa haki. Mahali palihitaji kibali cha mfalme au mkongwe wa desturi ili watu wakusanyike siku maalumu kuuza na kununua, na mwenye haki hiyo alitoza ushuru. Vijiji vya karibu, vilivyo mwendo wa kwenda na kurudi kwa siku moja, vilileta nafaka, mifugo, siagi na ngozi. Olney ulikuwa na bahati ya mahali, kwa kuwa barabara za Bedford, Northampton, Wellingborough na Newport Pagnell zilikutana karibu na kivuko cha mto. Katika daftari kubwa la William Mshindi la mwaka 1086 mji umo tayari, kwa jina la Olnei. Bahati hiyo hiyo ya daraja ililetea vita: mwaka 1643, wakati mfalme na bunge walipokuwa wakipigana, majeshi yao yalipambana hapa kugombea kivuko. Siku ya gulio ni Alhamisi, na mpaka leo meza hupangwa uwanjani siku hiyo.

Lakini bidhaa iliyoufanya Olney ujulikane haikutoka shambani. Ilikuwa ni kimia, ambacho wengi sasa hukiita lesi. Wanawake, watoto, na hata baadhi ya wanaume walikaa mlangoni kupata mwanga, kila mmoja na mto mgumu uliojazwa majani makavu mapajani mwake, juu yake karatasi ya ruwaza iliyochomwa pini, na nyuzi nyembamba zikining'inia kutoka katika vijiti vya mfupa na mbao. Vijiti vilipitishwa huku na huku, nyuzi zikasokotana, na kwa siku nzima kikapatikana kipande chembamba cha kushonewa kwenye mkono wa vazi la tajiri. Watoto wa miaka mitano au sita walipelekwa katika shule za kimia, ambako waliimba nyimbo za kuhesabu pini ili vidole visilale. Nyimbo hizo hazina mtunzi ajulikanaye, nazo ni ushairi wa kwanza wa mji huu: mizani iliyotokana na kazi, kama wapiga makasia walivyo na nyimbo zao.

Kazi ilikuwa nyingi na malipo kidogo. Mwaka 1780, serikali ilipofikiria kutoza kodi iliyohusu biashara hiyo, Cowper alimwandikia rafiki yake mwanasheria aliyekuwa London, akamweleza kuwa katika mji huu mdogo walikuwapo wafuma kimia karibu 1,200, na kwamba mamia walikuwa ukingoni mwa njaa ingawa hawakupumzika. Tarakimu hiyo ni ya kuzingatiwa. Mji ambao wengi wa watu wake walikuwa wakipofuka macho kwa ajili ya mapambo ya wengine ndio uliopokea mahubiri ya Newton na beti zake.

John Newton alifika mwaka 1764, akikaribia umri wa miaka 39, kuwa kasisi wa kanisa lile lililo kando ya mto. Alizaliwa London mwaka 1725, mtoto wa nahodha, na alipofikia miaka 11 alikwenda baharini na baba yake. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu akatiwa katika manowari. Alipotoroka alirudishwa, akachapwa viboko mbele ya mabaharia wenzake. Kisha akahamia katika meli ya biashara ya watumwa, akabaki pwani ya Sierra Leone, katika visiwa vya Plantain, akimtumikia Mzungu mfanyabiashara ya watu. Mke wa bwana huyo, mwanamke wa Kiafrika mwenye cheo, alimdharau na kumnyima chakula alipougua. Newton mwenyewe aliyaandika hayo baadaye. Akaandika pia jambo ambalo msomaji hawezi kulipita haraka: kwamba watu waliokuwa wamefungwa minyororo wakingojea kuuzwa walimletea chakula kwa siri, wakikikata katika kidogo walichopewa wao. Katika kisiwa hicho alikuwa na kitabu kimoja, cha hesabu za Euclid, na alijifunza kwa kuchora michoro yake mchangani kwa kijiti.

Mwaka 1748, alipokuwa akirudi Uingereza kwa chombo kiitwacho Greyhound, dhoruba ilikipasua katika bahari ya Atlantiki. Kilichokizuia kisizame ni shehena yake ya nta na mbao nyepesi. Newton alikaa kwenye pampu na usukani hata akakata tamaa, akamwomba Mungu ambaye kwa miaka alikuwa akimkejeli. Siku hiyo ya Machi aliiadhimisha maisha yake yote kuwa ndiyo mwanzo wa kuokoka kwake. Wengi huishia hapo wanapoisimulia habari yake: tufani, toba, kisha wimbo. Sivyo ilivyokuwa. Baada ya toba hiyo alirudi Afrika, kwanza kama msaidizi wa nahodha, kisha kama nahodha, akaongoza safari tatu baina ya mwaka 1750 na 1754, akinunua watu pwani ya Guinea na kuwapeleka ng'ambo ya Atlantiki. Jumapili aliwaongoza mabaharia katika sala juu ya sitaha, na chini ya miguu yao, katika ngama, walilala waliofungwa pingu. Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hakuna methali inayomfaa zaidi. Aliacha bahari mwaka 1754 kwa sababu aliugua ghafla, si kwa sababu dhamiri ilimzuia. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1764, mwaka ule ule aliofika Olney, alisema kuwa wakati wa kazi hiyo hakuwahi kuwa na shaka juu ya uhalali wake, ingawa alichukizwa kuwa kama mlinzi wa gereza.

William Cowper alikuja kukaa Olney mwaka 1767, ili awe karibu na Newton. Alizaliwa mwaka 1731 huko Berkhamsted, akasomea sheria London, na mwaka 1763 alipotakiwa kufanyiwa mtihani wa kazi mbele ya mabwana wa bunge, hofu ilimzidi akajaribu kujiua mara kadhaa. Alitunzwa na tabibu mmoja wa St Albans hadi alipopata nafuu, kisha akaishi na bibi mjane, Mary Unwin, ambaye alimlea kama ndugu hadi uzeeni. Nyumba yao, Orchard Side, imeelekea uwanja wa gulio. Ni nyumba ya matofali mekundu, kubwa kwa kuitazama kutoka nje, lakini mbele yake palikuwa na kelele za gulio na umaskini, na nyuma yake bustani iliyotulia. Cowper aliipenda bustani.

Baina ya bustani hiyo na ile ya kasisi kulikuwa na kiunga cha miti ya matunda, mali ya mtu mwingine. Ili marafiki hao watembeleane bila kupita barabarani, walikubaliana kulipa kodi ya njia, gini moja kwa mwaka, na kwa sababu hiyo kiunga kikaitwa Guinea Field, yaani Kiunga cha Gini. Wageni huoneshwa mahali hapo kama kumbukumbu ya urafiki, nako ni kweli. Lakini neno lina asili yake. Gini ilikuwa sarafu ya dhahabu iliyoanza kupigwa mwaka 1663, na ikaitwa hivyo kwa kuwa dhahabu ya mwanzo ilitoka pwani ya Guinea, Afrika ya Magharibi. Baadhi ya sarafu hizo zilikuwa na alama ndogo ya tembo chini ya kichwa cha mfalme: alama ya kampuni ya kifalme iliyopewa ukiritimba wa biashara ya Afrika, ambayo pamoja na dhahabu ilisafirisha watu kwa maelfu. Hivyo nahodha wa zamani, kila alipokwenda kumwona mshairi kuzungumza juu ya rehema, alikanyaga ardhi yenye jina la pwani ile ile aliyoijia kununua wanadamu. Hapana ushahidi kwamba yeyote kati yao alilifikiria hilo. Majina yana subira kuliko watu.

Urafiki huo ulizaa kitabu. Newton alikuwa akikutana na watu wake siku za katikati ya juma katika nyumba kubwa iliyokuwa tupu, mali ya Lord Dartmouth, mfadhili wake, na kwa mikutano hiyo alitunga wimbo mpya mara kwa mara, akamhimiza na Cowper atunge. Mwaka 1779 nyimbo hizo zilichapishwa kwa jina la Olney Hymns, jumla yake 348, na zaidi ya 60 kati ya hizo ni za Cowper. Zilitungwa kwa ajili ya wafuma kimia, wakulima na watoto. Kwa hiyo maneno yake ni mepesi na umbo lake ni la kushikika. Nyingi zimefuata bahari ambayo sikio la Kiswahili huielewa upesi: ubeti wa mishororo minne, mizani nane na sita kwa kupokezana, na vina vinavyopishana. Mizani nane ni hatua ya utenzi. Zile sita zinazofuata ni kama pumzi. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuukariri ubeti huo huku vijiti vikienda mkononi mwake.

Mmoja wa nyimbo hizo Newton aliutayarisha mwishoni mwa mwaka 1772, kwa ajili ya mahubiri ya tarehe 1 Januari 1773. Ni ule ambao dunia sasa inaujua kwa jina la Amazing Grace. Siku hiyo haukuwa na lahani inayojulikana leo. Lahani hiyo iliunganishwa nao Marekani, katika kitabu cha nyimbo cha William Walker cha mwaka 1835. Olney uliupata kama maneno matupu, beti chache za mtu anayeangalia nyuma na kushangaa kuwa yu hai. Na mwezi huo huo wa Januari, Cowper alirudiwa na maradhi yake. Aliota ndoto iliyomwambia kuwa kwake yeye yote yamekwisha, akaamini tangu hapo kwamba Mungu amemkataa, na hakuingia tena kanisani kusali. Hivyo katika mji mmoja, majira yale yale, mmoja aliimba kuwa ameokoka na mwenziwe akasadiki kuwa amepotea.

Wimbo wa Newton ni mzuri, na uzuri wake si wa kubishaniwa. Umewafariji watu wengi, wakiwamo wajukuu wa wale waliovushwa bahari kwa pingu, ambao waliuchukua makanisani mwao Marekani na kuutia sauti yao wenyewe. Lakini yafaa usomwe kwa macho ya mtu anayejua kazi ya aliyeutunga. Ndani yake kuna hatari, mitego na taabu, na kuna mnyonge aliyepotea akapatikana. Hamna meli. Hamna pingu. Hamna hata mtu mmoja aliyeuzwa, wala wale waliomletea chakula kwa siri katika kisiwa cha Plantain. Mnyonge wa wimbo ni mtunzi peke yake. Kwa miaka 16 aliyokaa Olney, Newton aliwafundisha watu wake juu ya dhambi kwa jumla, na katika chumba chake cha kusomea, juu ya meko, aliandikisha aya ya kujikumbusha kuwa naye alikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Kwamba alikuwa pia mmoja wa watu wa Firauni, ukuta huo haukusema.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo ulikuja, ingawa ulikawia. Kwanza ulitoka upande usiotarajiwa. Cowper, aliyekatiwa tamaa na kanisa, alijishughulisha na vitu vidogo ili akili isimtoroke. Mwaka 1774 alipewa sungura, akafuga watatu, akawaita Puss, Tiney na Bess, akajifunza tabia ya kila mmoja, na akagundua, kama alivyoandika baadaye, kuwa wote watatu walikuwa madume. Alilima matango, akatengeneza vizimba na meza. Katika bustani alikuwa na kibanda kidogo cha kuandikia, hakizidi nafasi ya watu wawili au watatu. Bibi mmoja jirani, Lady Austen, alipomtania kwamba atunge shairi juu ya kochi, alilianza kwa mzaha, likakua likawa The Task, utungo wa vitabu sita uliotoka mwaka 1785. Umejaa mto, malisho, mafuriko, tarishi na moto wa jioni ya baridi. Olney wote umo. Na katika kitabu cha pili, bila kutazamiwa, mtu huyo ambaye hajawahi kuvuka bahari anageuka na kuulaani utumwa, akisema hakubali kuwa na mtu wa kumlimia kwa kumnunua hata angepewa utajiri wote.

Mwaka 1786 Cowper na Bibi Unwin walihamia Weston Underwood, kijiji cha jirani, na huko mwaka 1788, alipoombwa kuisaidia kampeni ya kupinga biashara ya watumwa, alitunga mashairi kadhaa ya kuimbika. Lililosambaa zaidi ni The Negro's Complaint, ambamo anayesema ni mtumwa mwenyewe, akiwauliza Waingereza ni haki gani iliyowapa mwili wake. Lilichapwa kwa maelfu, likaimbwa barabarani, na karibu miaka 200 baadaye Martin Luther King alikuwa akizikariri beti zake katika hotuba. Mwaka huo huo wa 1788, Newton, ambaye tangu 1780 alikuwa kasisi London, alitoa kijitabu chake juu ya biashara ya watumwa wa Afrika, akaeleza alichokiona na alichokifanya, akakiri kuwa ungamo lake limechelewa. Ilikuwa imepita miaka 34 tangu ashuke melini. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya kamati za serikali na bunge, na ushahidi huo ulikuwa na uzito, kwa kuwa alijua vipimo vya ngama.

Hata hivyo wa kwanza kusema hakuwa yeye. Mwaka 1787, mwaka mmoja kabla ya kijitabu cha Newton, Ottobah Cugoano, aliyetekwa akiwa mtoto katika nchi ambayo sasa ni Ghana, alichapisha London kitabu chake cha kuushitaki utumwa, na mwaka 1789 Olaudah Equiano akatoa cha maisha yake. Mtumwa wa shairi la Cowper ni sauti iliyokopeshwa kwa huruma. Cugoano na Equiano hawakuhitaji mkopo. Anayezisifu beti za Olney bila ya kuyataja majina hayo mawili huuendeleza ule ule upungufu wa wimbo.

Sheria ya kukomesha biashara ya watumwa kwa meli za Uingereza ilipitishwa tarehe 25 Machi 1807, na Newton, aliyekuwa kipofu kwa uzee, alikufa tarehe 21 Desemba mwaka huo. Cowper alikuwa ameshatangulia mwaka 1800, huko East Dereham, bado akiamini kuwa amekataliwa. Lakini sheria ya bahari moja haikuwa sheria ya bahari zote. Upande wa Bahari ya Hindi, majahazi yaliendelea. Soko la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash, na hadhi ya utumwa wenyewe Unguja na Pemba haikuondolewa kisheria mpaka mwaka 1897. Karafuu zilizojenga majumba mengi ya visiwani katika karne hiyo zilichumwa na mikono isiyolipwa. Kwa hiyo swali la Olney halimhusu Mwingereza peke yake. Kila pwani ina nyimbo zake nzuri, na kila pwani ina watu ambao nyimbo hizo hazikuwataja.

Olney wenyewe umeendelea na maisha yake. Mashine zilizovumbuliwa tangu mwanzoni mwa karne ya 19 ziliiua polepole kazi ya kimia. Viatu vikachukua nafasi yake kwa muda. Reli ya Bedford na Northampton ilifika mwaka 1872, ikaacha kuchukua abiria mwaka 1962. Nyumba ya Orchard Side ikawa makumbusho ya Cowper na Newton mwaka 1900, na ndani yake hutunzwa hati, vyombo, na vipande vya kimia vilivyofumwa na wanawake ambao wengi wao hawakuacha majina. Jumanne ya mkesha wa Kwaresima wanawake wa mji, wamevaa aproni na ushungi, hukimbia na vikaango vyenye chapati za maji, kutoka uwanja wa gulio hadi kanisani, mwendo wa mita 380 hivi. Husimuliwa kuwa mbio hizo zilianza mwaka 1445, na tangu 1950 hushindana na wanawake wa mji wa Liberal, Kansas, ambao hukimbia kwao siku hiyo hiyo. Mji unapenda mchezo wake, na hauna sababu ya kuuonea haya.

Mwishoni mwa mbio hizo lipo kanisa, na katika ua wake kaburi la Newton. Alizikwa kwanza London, na mwaka 1893 mifupa yake na ya mkewe Mary ilihamishiwa Olney, kando ya mto. Juu ya jiwe yameandikwa maneno aliyojitungia mwenyewe. Yanasema kuwa alikuwa mtu asiyeamini na mwenye kufuata anasa, kuwa alikuwa mtumishi wa watumwa katika Afrika, na kuwa alirehemiwa, akasamehewa, akateuliwa kuihubiri imani aliyokuwa akiibomoa. Ni maandishi ya unyenyekevu, na kila neno lake ni kweli. Neno moja tu halimo, nalo ni nahodha.